Kurekodi bateri nyumbani: somo la sauti, na hasara ya neno «pandisha»

Jumamosi moja ya kiangazi, mwaka jana, nilimharibia yaya wangu kazi kwa maneno mawili ya Kiswahili. Halikuwa tusi wala uongo. Lilikuwa agizo dogo ambalo sote wawili tulilielewa vizuri sana, kila mtu kwa maana yake.

Tulikuwa katika chumba cha nyuma, kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, tukirekodi bateri kwa ajili ya wimbo wa kwaya ya vijana. Bateri yenyewe ilikuwa ya kuazima, na mwenye mali aliitaka irudi kabla ya saa kumi alasiri. Yaya, ambaye ndiye mpigaji, alikuwa amepata kazi Kolwezi na basi lake lilikuwa la Jumatatu asubuhi. Kwaya ilikuwa imechanga pesa miezi mitatu ili kununua kebo na kukodi mikro mbili. Siku ya pili ya kurekodi haikuwapo.

Prizi ya kwanza (studioni tunaita prizi upigaji mmoja, toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho) ilikuwa nzuri mpaka ubeti wa tatu, pale fimbo mbili zilipogongana. Nikaamua tupige tena, kisha nichukue mwanzo wa prizi moja na mwisho wa nyingine, niunganishe. Lakini katika prizi ile ya kwanza keskleri, yaani ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, ilikuwa imesikika dhaifu. Nikamwambia: «Yaya, pandisha kidogo kwa keskleri.» Akaitika. Mimi nilikuwa nimeinamia kompyuta, sikumwona akitoa ufunguo mfukoni na kukaza skrubu zote nane. Tulipomaliza prizi ya pili nikasikia ngoma nyingine kabisa. Nikamuuliza amefanya nini. Akanijibu: «Shi ni weye ulisema nipandishe?»

Nilitaka apige kwa nguvu zaidi. Yeye alisikia kwamba ngoma iko chini, aipandishe. Jioni, bateri ikiwa imekwisha kurudi kwa mwenyewe, nilikata pigo moja la keskleri kutoka kila prizi, nikalifungua katika Praat, programu ileile tunayotumia darasani kupimia irabu. Kilele cha chini cha prizi ya kwanza kilikuwa karibu Hz 190, cha prizi ya pili karibu Hz 240. Hiyo ni tofauti ya nusutoni nne hivi. Hakuna mkato utakaoficha jambo hilo. Msikilizaji asiyejua lolote la muziki atasikia katikati ya wimbo kwamba mtu amebadilisha ngoma.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika daftarini maneno tunayoagizana studioni. Ninayaleta hapa pamoja na kazi yenyewe ya kurekodi, kwa sababu mambo haya mawili hayatengani: anayerekodi bateri bila kujua sauti ni nini atapoteza siku, na mwanaisimu anayejua sauti kwa vitabu tu atafaidika akikaa mbele ya ngoma tano zinazopigwa kwa wakati mmoja.

Majina ya vitu

Kwetu neno bateri limetoka katika Kifaransa, na kutoka neno hilohilo la Kifaransa tumepata pia batri ya gari. Prizi nayo ni prizi ya kurekodi na prizi ya umeme ukutani. Mgeni angedhani maneno kama haya ndiyo yatakayotuchanganya, lakini sijasikia hata mara moja mtu akileta batri ya gari alipoagizwa bateri. Maana hizo mbili zinaishi mbali mbali, na sentensi inachagua yenyewe. Hatari iko kwa neno lenye maana mbili zinazofanya kazi katika chumba kimoja, juu ya kitu kimoja, kwa mtu mmoja. Hapo sentensi haina cha kuchagulia.

Ngoma kubwa ya chini inayopigwa kwa mguu tunaiita groskesi. Keskleri nimekwisha kuieleza. Zile za kati ni tungoma, kwa kile kiambishi chetu cha udogo ka-/tu- ambacho Kiswahili sanifu kingekifanya vigoma. Sahani za shaba ni simbali, na zile mbili zinazofungana kwa mguu ni sharle. Ngozi ni ngozi, hata ikiwa ya plastiki, na sioni sababu ya kuibadilisha: jina limehama pamoja na kazi yake.

Nyaya za chini ya keskleri zina jina zuri. Wafaransa wanaziita timbre, na ndilo neno lilelile wanalolitumia kwa rangi ya sauti, ile sifa inayotufanya tutofautishe filimbi na sauti ya mtu hata zikiwa kwenye kidatu kimoja. Katika Kifaransa cha kale neno hilo lilikuwa jina la ngoma. Asili yake ni Kigiriki, tumpanon. Kwa hiyo kila mara tunapoandika neno hilo katika zoezi la fonetiki tunapiga ngoma bila kujua.

Kubwa, nzito, juu

Mwalimu wa fonetiki anatufundisha tangu mwaka wa kwanza kwamba sauti ina kidatu, ina ukubwa, ina muda na ina rangi. Kidatu kinafuata masafa, yaani mitetemo mingapi kwa sekunde. Ukubwa unafuata upana wa mtetemo. Mambo haya mawili hayategemeani: unaweza kunong'oneza keskleri iliyokazwa sana, na unaweza kuitwanga keskleri iliyolegea.

Tuangalie sasa Kiswahili kinayatajaje. Kwa ukubwa tuna kubwa na ndogo: sema kwa sauti kubwa, sema kwa sauti ndogo. Kwa kidatu tuna nzito na nyembamba: mzee ana sauti nzito, mtoto ana sauti nyembamba. Mpaka hapo hakuna tatizo. Jozi hizi mbili hazigongani. Tatizo linaingia na jozi ya tatu, juu na chini, pamoja na vitenzi vyake pandisha na shusha. Mtu akisema kwa sauti ya juu huenda anapaza, huenda anaimba soprano. Ukimwambia mwanakwaya ashushe sauti, nusu ya kwaya itaimba polepole kwa upole, nusu itatafuta noti ya chini.

Wengine watasema huu ni upungufu wa Kiswahili katika mambo ya ufundi. Nimesikia maneno hayo hata kutoka kwa wenzetu wa kitivo, na nadhani si kweli. Kifaransa, ambacho tunakikimbilia tukitaka kuonekana mafundi, kina shimo lilelile: kupandisha redio na kupandisha wimbo toni moja ni kitenzi kimoja, na mtu anayesoma kwa sauti kubwa husemwa anasoma kwa sauti ya juu. Ningemwambia yaya kwa Kifaransa, angetoa ufunguo uleule.

Kinachosaidia nimekikuta katika vitenzi vya mkono. Kaza na legeza havitaji sauti kabisa. Vinataja kitendo juu ya ngozi. Piga kwa nguvu na piga taratibu vinataja kitendo cha fimbo. Sogeza na rudisha ni vya mikro. Nikisema «kaza ngozi robo mzunguko», hakuna njia ya pili ya kunielewa. Maneno ya usikivu, kama nzito, kavu, angavu, butu, nayaacha kwa wakati wa kusikiliza, tukiwa tumekaa na hakuna aliyeshika ufunguo.

Neno sauti lenyewe ni mzigo mwingine. Kwenye kwaya, ongeza sauti inaweza kuwa ongeza ukubwa, au ongeza njia ya waimbaji dhidi ya ala. Sasa tunasema waimbaji tukitaka waimbaji.

Chumba, mikro na kamba

Chumba chetu kina mita 4 kwa mita 3. Sauti hewani huenda takriban mita 343 kwa sekunde. Wimbi linalotosha nusu yake kati ya kuta mbili hujirudia na kujikuza lenyewe: kwa mita 4 ni karibu Hz 43, kwa mita 3 karibu Hz 57. Hayo ndiyo maeneo groskesi inapoishi. Matokeo yake, ukiwa pembeni mwa chumba groskesi inanguruma kama lori, na ukiwa katikati inapotea. Watu hubandika trei za mayai ukutani na kuamini wametibu. Trei ni nyembamba. Haishiki nguruma hata kidogo. Godoro la sentimeta 15 lililosimamishwa ukutani, kwa hesabu ya robo ya wimbi, linafanya kazi vizuri kuanzia karibu Hz 570 na kwenda juu. Ni msaada wa kweli kwa simbali na keskleri, lakini kwa Hz 57 ungehitaji kitu cha unene wa mita moja na nusu, na hapo chumba kimekwisha. Kilichobaki ni kusogeza bateri. Tulimfanya yaya akae theluthi moja ya urefu wa chumba, si katikati na si kwenye pembe, mgongo wake ukielekea magodoro mawili, na mazulia chini.

Kabla ya mikro yoyote, ngoma yenyewe. Skrubu zikazwe kwa kuvuka, moja hapa na ya pili upande wa pili, kidogo kidogo. Gonga karibu na kila skrubu usikilize kama kidatu ni kimoja. Ngoma ikilia kwa muda mrefu mno, kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa skochi karibu na ukingo kinatosha. Ndani ya groskesi tuliweka blanketi lililokunjwa likigusa ngozi. Hakuna kitufe cha kompyuta kitakachofanya kazi hiyo baadaye, na mimi simwamini anayesema kipo.

Kijisanduku chetu cha kurekodi kina njia nne tu, kwa hiyo kila ngoma haikuweza kupata mikro yake. Tulifuata utaratibu unaojulikana kwa jina la Glyn Johns, fundi Mwingereza aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin iliyotoka mwaka 1969. Mikro moja inaning'inia juu ya keskleri, kama mita moja kutoka ngozi. Ya pili iko ubavuni, nyuma kidogo ya kangoma kakubwa ka chini, ikitazama sharle kwa kupita juu ya keskleri. Ya tatu mbele ya groskesi. Ya nne, ukiwa nayo, karibu na keskleri. Mbili za kwanza zetu zilikuwa za kondensa, zinazodai umeme wa volti 48 kutoka kwenye kijisanduku. Mbili nyingine za dinamiki, na ya keskleri ilikuwa Shure SM57, ambayo inastahimili mapigo ya karibu bila kulalamika.

Siri ya utaratibu huo ni kamba. Mikro ya juu na ya ubavuni lazima ziwe umbali mmoja kutoka katikati ya keskleri. Shika mwanzo wa kamba katikati ya ngozi, vuta mpaka mikro ya kwanza, funga fundo, kisha peleka fundo hilohilo mpaka mikro ya pili. Mwanzoni nilidhani ni ushirikina wa mafundi. Hesabu inasema hivi: tuseme moja iko mita 1 na nyingine mita 1.17. Pigo linafika kwenye ile ya pili likiwa limechelewa nusu milisekunde. Kwa sauti ya Hz 1000, ambayo mtetemo wake mmoja unachukua milisekunde moja, nusu milisekunde ni nusu mtetemo: mahali moja inapopanda, nyingine inashuka. Ukizijumlisha zinafutana. Keskleri inabaki kama inapigwa ndani ya ndoo. Sentimeta 17 tu, upana wa kiganja kilichonyooshwa, zimekula moyo wa ngoma.

Mikro ya groskesi ilinifundisha jambo ambalo nilikwisha kulijua kwa jina jingine. Ngozi ya mbele ina tundu. Nilipoiweka mikro sawasawa mbele ya tundu, kila pigo lilileta mlipuko wa upepo, puh, ukifunika sauti yenyewe. Ni jambo lile la kipasuo [p] kinacholipua mikro unapomrekodi msimulizi aliyekaa karibu mno. Dawa ni ileile: usikae kwenye njia ya hewa. Nikaisogeza mikro vidole vinne upande, upepo ukapita pembeni, sauti ikabaki.

Na kipimo cha kuingiza. Nilirekodi kwa Hz 48,000 na biti 24, na nikamwomba yaya apige kwa nguvu zake zote kabla ya kuweka vitufe, ili vilele visipite desibeli 12 chini ya kikomo. Kila biti inabeba takriban desibeli 6, kwa hiyo kuacha nafasi hiyo kunagharimu biti mbili kati ya 24. Ni bei ndogo. Kilele kilichokatwa na kikomo hakirudi. Mimi nina rekodi ya bibi mmoja akisimulia hadithi kwa Kiluba, na pale anapocheka, kicheko kimekatwa kama kwa panga. Nilikuwa nimeweka kipimo kwa usimulizi, nikasahau kwamba watu hucheka. Wapigaji ngoma ni hivyohivyo: wakati wa majaribio wanapiga kama wagonjwa, wimbo ukianza wanafufuka.

Umeme ulikatika saa saba na robo. Kompyuta ilikuwa na chaji na kijisanduku kinakula kwenye kompyuta hiyohiyo, tukaendelea. Lakini jirani aliwasha jenereta, na prizi ya pili ina mlio wake chini kabisa, kama mzee anayenung'unika.

Kuchanganya bila kuchanganyikiwa

Kiswahili kina mzaha wake: kuchanganya nyimbo na kumchanganya mtu ni kitenzi kimoja. Vijana wa studio wanakwepa kwa kusema miksaji. Mimi nimebaki na kuchanganya, inanikumbusha hatari.

Niliamua kuchanganya prizi ya kwanza peke yake, nzima, pamoja na zile fimbo zilizogongana. Prizi ya pili ilikuwa na mwisho safi, lakini mwanzo wake yaya aliingia kwa kuchelewa, naye alijua. Anapiga ubeti wote wa kwanza kama mtu anayeomba radhi. Kosa moja la sekunde moja lilikuwa jepesi kuliko ubeti mzima wa aibu.

Anza na mikro mbili za mbali. Zima nyingine. Peleka ile ya juu kidogo upande mmoja, ile ya ubavuni upande wa pili zaidi, na usikilize mpaka bateri isimame mbele yako kama kitu kimoja. Kama haisimami, tatizo halitatibiwa na njia nyingine mbili. Kisha pandisha groskesi (nasema pandisha, kwa sababu hapa ni kitelezi kwenye kioo na hakuna ngozi ya kukaza) mpaka uusikie mguu bila kuutafuta. Kisha keskleri ya karibu, kidogo tu. Mikro ya karibu inasikia pigo karibu milisekunde 3 kabla ya zile zilizo mita moja, kwa hiyo bonyeza kitufe cha kupindua mawimbi yake, sikiliza pande zote mbili, na uchague ile yenye kifua. Usiangalie kioo. Funga macho.

Katika groskesi nilipunguza eneo la Hz 300 hadi 400, panapotoa sauti ya boksi la karatasi, na kuongeza kidogo karibu na Hz 3000, panaposikika nyundo ikigusa ngozi. Katika keskleri niligusa Hz 190 yake tu. Sharle na simbali sikuzigusa. Nguvu zao ziko juu, kwenye maelfu ya Hz, katika ujirani wa kikwamizi [s], na ukiongeza hapo bateri nzima inaanza kusema kwa kithembe.

Hapa ndipo mwanafunzi wa fonetiki anapokuwa na faida juu ya fundi asiyesoma. Watoto wa avenyu yetu wakiigiza bateri kwa mdomo husema du kwa groskesi, ka au ta kwa keskleri, na ts kwa sharle. Hawakufundishwa na mtu. Groskesi wanaipa kipasuo ghuna na irabu ya nyuma, mahali penye nguvu chini. Keskleri kipasuo kisicho ghuna na irabu wazi. Sharle hawaipi irabu hata kidogo. Fungua spektrogramu ya bateri na uweke pembeni spektrogramu ya mtoto: picha zinafanana kwa namna ya kuchekesha. Kila pigo lina konsonanti yake, mpasuko wa milisekunde chache, halafu mkia kama irabu.

Ukikubali hivyo, kompresa haitakusumbua tena. Kompresa ni mkono unaokandamiza sauti ikipita kiwango fulani. Ina kipimo cha muda wa kusubiri kabla ya kukandamiza. Ukiiambia ikandamize mara moja, inakula konsonanti, na keskleri inabaki aa badala ya ta. Ukiiacha isubiri milisekunde 20 hivi, konsonanti inapita nzima, na mkono unashuka juu ya irabu tu. Wakati wa kuachia nao uangaliwe: mkono uwe umeinuka kabla ya pigo linalofuata, la sivyo pigo hilo litazaliwa limekandamizwa. Niliweka uwiano wa 4 kwa 1 katika keskleri na groskesi, na katika zile mbili za mbali sikuweka kitu. Mwangwi niliongeza kidogo sana. Chumba cha Katuba kikijifanya kanisa kuu, watu wanajua.

Ndefu kuliko neno

Nilipokuwa nikiandika daftari langu nilikumbuka kitabu cha John Carrington kuhusu ngoma zinazosema, kilichotoka mwaka 1949. Carrington aliishi Yakusu, karibu na Kisangani, kati ya Walokele. Ngoma yao ya mbao haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa lenye midomo miwili, mmoja wa kidatu cha chini na mmoja wa juu. Ngoma inatoa toni za lugha peke yake, bila konsonanti wala irabu, na maneno mengi yana toni zilezile. Wapigaji hawakuongeza midomo ya gogo. Walirefusha maneno: jina la kitu kimoja linapigwa kama sentensi nzima iliyozoeleka, na katika urefu huo hakuna tena kinachofanana nalo.

Ndivyo tulivyofanya sisi, bila kukusudia. Agizo letu la leo ni refu: «Yaya, ngozi iache hivyo, piga kwa nguvu zaidi kwenye ubeti.» Linachukua sekunde tatu zaidi ya pandisha kidogo. Kiswahili, ambacho tofauti na ndugu zake wengi wa Kibantu hakina toni za kutofautisha maneno, kinajua kurefusha vilevile.

Niliutuma wimbo Kolwezi kwa simu baada ya wiki mbili. Yaya alirudisha ujumbe wa sauti: waimbaji anawasikia, gitaa analisikia, lakini groskesi iko wapi? Alikuwa anasikiliza kwa spika ya simu, na spika ndogo kama ile haiwezi kutoa Hz 60. Jambo hili mwanaisimu angepaswa kulitabiri. Simu za zamani zilipitisha Hz 300 hadi 3400 tu, na bado tuliweza kumtambua baba akizungumza, na Waluba waliweza kusikia toni za lugha yao, ingawa masafa ya msingi ya sauti ya mwanaume yako chini ya 300. Sikio lilijenga msingi usiokuwapo kutokana na vizidishi vyake vya juu. Basi groskesi nayo ipewe vizidishi. Nilinakili njia yake, nakala nikaichafua kwa kuikuza mpaka ikaanza kukwaruza, nikaondoa kila kilicho chini ya Hz 120, nikaichanganya chini ya ile safi, kidogo tu. Kwenye spika kubwa haisikiki kama imeongezwa. Kwenye simu, mguu ulirudi.

Akaandika kwamba sasa anamsikia mpigaji. Akauliza pia kama zile fimbo za ubeti wa tatu haiwezekani kuzitoa. Inawezekana; ningekopa mapigo mawili kutoka ubeti wa pili wa prizi ileile, keskleri ya Hz 190 kwa keskleri ya Hz 190. Kwaya wamenikataza. Wanasema wakifika pale wanamwona Yaya akicheka.